Laini Yako Ina Jina Lako

Simu inaita. Namba huitambui, lakini mpigaji anakusalimu kwa adabu, kisha anakutaja kwa majina yako yote matatu kama yalivyo katika kitambulisho cha taifa. Anajitambulisha kuwa mtumishi wa kitengo cha huduma kwa wateja. Anaeleza kwamba usajili wa laini yako una kasoro na kwamba laini itafungwa kabla ya saa kumi jioni usipoihakiki. Wateja wanaoleta malalamiko baada ya simu ya namna hii hulirudia jambo moja: "Alilijua jina langu."

Mtu akishaamini kwamba jina lake kamili haliwezi kujulikana na mtu wa nje, yote yanayofuata humwia mepesi kuyakubali. Hutaja namba ya siri, husoma ujumbe ulioingia, hubonyeza alama anazoelekezwa. Kwa hiyo tunaanza na jina, na jinsi linavyopatikana.

Jina husomwa na yeyote mwenye namba

Unapotaka kumtumia mtu fedha kwa simu, unaandika namba yake na kiasi, na kabla hujathibitisha kwa namba ya siri, mtandao hukuonesha jina la mwenye laini. Utaratibu huu uliwekwa kwa faida yako. Ukikosea tarakimu moja, jina geni linalotokea hukuzindua, nawe husitisha. Lakini mtu yeyote aliye na namba yako anaweza kuanza muamala kama huo, akalisoma jina lako, kisha akaukatisha bila kutuma hata shilingi moja. Wewe hupati taarifa yoyote kwamba jina lako limesomwa.

Hatusemi utaratibu huo uondolewe. Fedha zinazonusurika kwa sababu yake ni za watu wengi, na sisi tungekuwa wa kwanza kulalamika kama ungefutwa. Tunachosema ni kwamba kutajwa jina lako katika simu si ushahidi wa chochote. Mpigaji anaweza kuwa amelipata nusu dakika kabla ya kukupigia.

Namba na jina havikuwa vimeshikamana hivi tangu mwanzo. Zamani laini iliweza kununuliwa kituo cha basi na kutumika bila kuandikwa popote. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo iliyoweka wajibu wa kusajili laini, na kuanzia tarehe 1 Mei 2019 usajili ukaanza kufanywa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA. Muda wa mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kuzimwa. Tangu Machi 2017 mtumiaji anaweza pia kuhama mtandao bila kubadili namba, hivyo namba imekuwa mali anayoweza kukaa nayo maisha yake yote.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Laini za simu zimekwisha kuvuka idadi hiyo kwa mbali. Kufikia mwaka 2025 zilikuwa zimezidi milioni 90. Kwa wengi wetu laini ndiyo pochi, ndiyo njia ya kuifikia benki, ndiyo akaunti ya WhatsApp na ndiyo mahali pa kupokelea kila namba ya uthibitisho. Hapa ndipo ugumu ulipo. Namba ya simu tunaigawa kama anwani, kwa kila anayeiomba. Lakini benki, mitandao ya kijamii na huduma za fedha zinaitumia kama ufunguo.

Madaftari

Watu wanapozungumzia kuvuja kwa taarifa binafsi huwaza wadukuzi walio mbali wakivunja kompyuta za mashirika makubwa. Mambo hayo hutokea. Hata hivyo, tukifuatilia namba ya mtu wa kawaida ilivyofika mikononi mwa tapeli, mara nyingi hatuhitaji kwenda mbali hivyo.

Liko daftari la mlinzi getini: jina, namba ya simu, unakotoka, unayemtembelea, saa ya kuingia. Limewekwa wazi mezani, na kila mgeni anayeandika huwaona wote waliomtangulia. Liko daftari la wakala wa fedha, lenye namba na kiasi kilichotolewa, ambalo mteja wa pili analisoma akiwa kwenye foleni. Liko la nyumba ya wageni. Iko fomu ya bahati nasibu iliyojazwa kwenye maonesho. Na iko orodha ya michango ya harusi.

Hii ya michango inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa hakuna anayeiona kuwa siri. Kamati huunda kundi la WhatsApp lenye watu 150 au zaidi, wengi wao wakiwa hawajuani. Kila siku mweka hazina huweka orodha mpya: fulani ameahidi 100,000, ametoa 50,000, fulani ameahidi 200,000, bado. Mtu mmoja asiye mwema aliyeingizwa katika kundi, au simu moja ya mwanakundi iliyoibwa, huyapata hayo yote: nani anadaiwa, kiasi gani, na ni nani anayepokea. Kesho yake wenye deni hupokea ujumbe: "Shikamoo, ile ahadi yako tuma kwa namba hii mpya, ile ya mweka hazina imejaa." Ujumbe huo una ukweli mwingi kuliko uongo, na uongo wake ni namba tu.

Kamati inaweza kujilinda kwa njia nyepesi. Namba ya kupokelea michango itangazwe katika kikao, pamoja na jina litakalotokea, na ikubaliwe tangu mwanzo kwamba haitabadilishwa kwa ujumbe. Ahadi za watu zibaki kwa mweka hazina. Tunajua kwamba orodha hutangazwa ili kuwaonea haya wanaochelewa; hilo lina gharama yake.

Kuhusu madaftari ya ofisi na biashara, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azikusanye kwa lengo mahsusi, asizitumie kwa lengo jingine, na azilinde zisifikiwe na asiyehusika. Una haki ya kuuliza taarifa zako zinatunzwa za nini na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayopokea malalamiko ya aina hiyo. Mlinzi wa getini hawezi kubadili utaratibu wa mwajiri wake, kwa hiyo msigombane naye. Mwandikieni mwenye jengo.

Ujumbe wa "ile hela"

Kila mtu amewahi kupokea ujumbe unaomtaka atume "ile hela" kwa namba nyingine, na wengi huucheka, kama wanavyoucheka ule wa kujiunga na Freemason. Hauhitaji kukujua. Unatumwa kwa maelfu ya namba, na mwishoni mwa mwezi miongoni mwa maelfu hao hawakosekani watu waliokuwa wameshika simu wakitaka kutuma kodi ya nyumba, ada au malipo ya fundi. Anayetapeliwa hapo si mjinga. Ni mtu aliyekuwa anasubiri ujumbe kama huo siku hiyo. Mpigie unayedaiwa kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, umsikie mwenyewe, ndipo utume.

Tarakimu sita

Hatari iliyo kubwa zaidi leo huja na tarakimu sita ambazo hazikuombwa na wewe.

Mtu anapotaka kufungua WhatsApp katika simu mpya, huandika namba ya simu, na WhatsApp hutuma tarakimu sita kwa namba hiyo ili kuthibitisha kwamba ni yake. Anayeziandika tarakimu hizo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye namba. Programu haina njia nyingine ya kukujua. Kwa hiyo tapeli huandika namba yako katika simu yake, tarakimu zinaingia kwako, na kazi inayobaki kwake ni kukushawishi umsomee.

Ushawishi huo huja kwa sura nyingi. Anaweza kuwa "katibu wa kikundi" anayekuomba namba ya kuingia katika mkutano, au "mtumishi wa benki" anayehakiki taarifa. Mara nyingine ujumbe hutoka kwa rafiki yako wa kweli, kwa akaunti yake ya kweli: "Samahani dada, nimetuma tarakimu kwako kimakosa, nirudishie." Rafiki huyo amekwisha kunyang'anywa akaunti, na sasa zamu ni yako. Mara akaunti yako inapochukuliwa, mwizi hayaoni mazungumzo yako ya zamani, kwa kuwa hayo yamo katika simu yako. Lakini anayaona makundi yako yote na kila ujumbe unaoingia tangu saa hiyo. Kinachofuata ni maombi ya mkopo mdogo kwa wazazi, mashemeji na wafanyakazi wenzako, yakiwa na picha yako juu.

Kuna hatua moja inayofunga mlango huu, na haichukui dakika tano. Ndani ya WhatsApp, katika mipangilio ya akaunti, ipo sehemu ya uthibitisho wa hatua mbili. Hapo unaweka namba yako ya siri ya tarakimu sita pamoja na barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Baada ya hapo, hata mtu aliyepata tarakimu zilizotumwa kwako hawezi kuingia bila namba hiyo. Vilevile fungua mara kwa mara sehemu inayoonesha vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe papo hapo.

Ukiwa umekwisha kunyang'anywa, usianze kwa kuwatangazia watu. Anza kwa kuandika upya namba yako katika WhatsApp na kuweka tarakimu mpya utakazotumiwa. Wakati huohuo mwizi hutolewa katika akaunti. Ikiwa alikuwa ameweka namba yake ya siri ya hatua mbili, utalazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuingia. Hata hivyo yeye pia anakuwa nje muda wote huo. Kisha wapigie simu ndugu zako wa karibu.

Tarakimu hizo huweza pia kutumwa kwa kupigiwa simu na sauti inayozisoma. Matapeli wamejua kulitumia hilo. "Mtumishi wa mtandao" hukwambia kwamba mawasiliano yanaboreshwa na kukutaka ubonyeze **21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya #. Alama hizo zina kazi moja katika simu zote: kuzielekeza simu zako zote kwa namba uliyoandika. Tangu hapo kila anayekupigia humpata yeye. Ukihisi umefanya hivyo, bonyeza *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa mahali, na ##002# kufuta maelekezo yote ya namna hiyo.

Namba ya huduma kwa wateja katika mitandao yote nchini ni 100. Mtu anayedai kutoka mtandao wako akitumia namba ya kawaida ya simu ya mkononi, kata simu, kisha upige 100 mwenyewe na uulize. Mtumishi wa kweli hatakasirika kukatiwa.

Laini inapohamia kwa mwingine

Simu ikipotea, unakwenda dukani, unaweka kidole, unapewa kadi mpya yenye namba ileile. Hilo linawezekana kwa sababu namba haimo ndani ya kile kipande cha plastiki. Kadi imebeba siri inayoutambulisha mtandao kwamba kadi hii ni halali, na mtandao wenyewe ndio unaoweka kumbukumbu kwamba kadi hiyo imefungamanishwa na namba fulani. Kumbukumbu hiyo ikibadilishwa, kadi ya zamani hufa papo hapo na mpya huanza kupokea simu, ujumbe na namba za uthibitisho za benki.

Sharti la alama ya kidole limeufanya wizi wa namna hii kuwa mgumu, ila halijaumaliza, kwa kuwa katika kila mfumo wapo watu wanaouendesha na baadhi yao hushawishika. Dalili yake kuu ni simu kupoteza mtandao ghafla wakati walio karibu nawe, wa mtandao huohuo, wanaupata. Usisubiri asubuhi. Azima simu ya mtandao huo, piga 100, uliza kama kadi yako imebadilishwa, na utake laini isimamishwe. Kisha ipigie benki yako.

Kwa mwenye fedha benki tunapendekeza jambo ambalo vitabu vya aina hii hulitaja kwa nadra: kuwa na laini ya pili kwa ajili ya fedha pekee. Simu nyingi zinazouzwa nchini zinabeba laini mbili. Namba hiyo usiiandike getini, usiiweke katika kundi lolote, usiichapishe kwenye kadi ya biashara. Tapeli asiyeijua hawezi kuanza. Sharti lake ni moja, kwamba uitumie mara kwa mara isije ikafungwa kwa kukaa kimya.

Wapo pia wanaopokonywa simu mkononi, barabarani au dirishani mwa daladala. Wengi hujifariji kwamba simu ilikuwa na nywila. Mwizi hana haja ya kuifungua. Huichomoa laini, huiweka katika simu nyingine, na huanza kupokea ujumbe wako humo. Dawa yake ni namba ya siri ya laini yenyewe, ambayo karibu hakuna anayeitumia. Katika mipangilio ya usalama ya simu ipo sehemu ya kufunga laini. Ukiiwasha, kila simu itakapozimwa na kuwashwa, au laini itakapohamishwa, itadai tarakimu nne. Namba ya kuanzia imechapishwa katika kadi kubwa ambamo laini ilibanduliwa, na unapaswa kuibadilisha. Jihadhari: ukikosea mara 3 laini itajifunga na kudai namba ya kufungulia iitwayo PUK, yenye tarakimu 8, ambayo nayo ipo katika kadi hiyohiyo au kwa mtoa huduma. Ukikosea PUK mara 10, kadi hiyo haitumiki tena. Ile kadi kubwa, basi, isitupwe. Iwekwe pamoja na hati zako.

Kidole mara mbili

Wakala akikwambia, "Kidole hakijasoma, weka tena," huenda anasema kweli. Vidole vya mkulima, vya mwashi na vya mama anayefua kwa sabuni kali husomeka kwa shida. Huenda pia usajili wa kwanza umekwisha kukubaliwa na huu wa pili ni wa laini nyingine, itakayouzwa kwa mtu asiyetaka jina lake lijulikane. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakaloonekana ni lako, na wewe ndiwe utakayetafutwa kwanza.

Omba kuona kioo cha kifaa chake kila mara unapoweka kidole. Sajili laini dukani au kwa wakala anayejulikana na aliye na kitambulisho cha kazi. Ukifika nyumbani, piga *106# na ufuate maelekezo ili uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wa mtandao huo ukaikane, na uombe ifungwe. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache, na wasaidie wazee wa nyumbani kufanya hivyo pia, maana wao ndio hasa wanaoombwa vidole na vijana wanaopita vijijini na kifaa begani.

Mikopo ya programu za simu

Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Watu huiita mikopo hiyo kausha damu kwa sababu ya riba yake. Sisi hapa tunatazama upande mwingine.

Programu ya namna hiyo, mara tu unapoiweka katika simu, huomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote ulizohifadhi. Mwombaji mwenye shida hubonyeza "kubali" bila kusoma, kwa kuwa akikataa mkopo hautoki. Siku anapochelewa kulipa, ujumbe huwafikia mwajiri wake, mchungaji au shehe wake, wakwe zake na fundi wake wa pikipiki: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Wengine huwekewa na picha. Deni huwa la elfu chache. Aibu haina kipimo. Na watu waliosomwa namba zao hawakukopa wala hawakuulizwa.

Kudaiwa hakumwondolei mtu haki ya faragha, ambayo imetajwa katika Ibara ya 16 ya Katiba yetu. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji yumo katika orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu. Programu inayotaka kusoma majina uliyohifadhi ili ikukopeshe, iache. Ikiwa ulikwisha kuikubalia, ruhusa inaweza kuondolewa katika mipangilio ya simu, ingawa kilichokwisha kunakiliwa hakirudi.

Laini iliyoachwa na laini ya marehemu

Namba isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na hatimaye hupewa mteja mwingine. Mteja huyo huanza kupokea ujumbe wa benki yako, na akiwa na tamaa anaweza kuingia katika akaunti zilizosajiliwa kwa namba hiyo. Kabla ya kuiacha laini, badilisha namba katika benki, barua pepe, mitandao ya kijamii na mfuko wa hifadhi ya jamii, ndipo uiache.

Laini ya marehemu ni jambo zito zaidi. Familia nyingi huiacha simu ya marehemu ikiwa wazi ili rambirambi ziendelee kupokelewa, na kijana anayeijua namba ya siri hutumwa kutoa fedha za gharama za msiba. Hufanywa kwa nia njema na mara nyingi huzaa ugomvi baadaye, kwa kuwa fedha zilizo katika laini ni sehemu ya mirathi. Njia iliyo salama ni kumwarifu mtoa huduma mapema, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama apeleke cheti cha kifo na barua ya uteuzi ili akabidhiwe fedha hizo. Rambirambi zipokelewe kwa laini ya mwanafamilia aliyechaguliwa na kikao.

Sauti ya mwanao

Programu za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, sasa zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa kutumia kipande kifupi cha sauti yake halisi, kama zile tunazotumiana katika makundi. Mzazi anaweza kupigiwa na "mwanawe" anayelia kwamba amepata ajali na anahitaji fedha upesi. Kata simu, mpigie mwanao kwa namba yake. Asipopatikana, mpigie mwalimu au mwenzake. Familia nyingine zimekubaliana neno moja la siri la kuulizana katika dharura. Ni wazo jema, mradi neno hilo halijaandikwa katika simu ya yeyote.

Saa ya kwanza

Ikiwa fedha zimekwisha kutumwa, muda ndio kila kitu. Piga 100 mara moja, taja namba uliyoitumia, kiasi na saa. Fedha zikiwa bado hazijatolewa, mtoa huduma anaweza kuzizuia. Zikitolewa kwa wakala, kilichobaki ni uchunguzi. Badilisha namba yako ya siri. Fikisha ujumbe wa tapeli na namba aliyoitumia kwa 15040, ili namba hiyo ichunguzwe na kufungwa. Kisha nenda kituo cha polisi ukafungue taarifa na upewe namba ya RB, kwa maana kitendo hicho ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mtoa huduma au benki watakuuliza namba hiyo.

Usifute chochote. Watu wengi, kwa hasira au kwa aibu, hufuta ujumbe wote kabla ya kufika polisi, na ushahidi hupotea pamoja nao. Piga picha ya kioo cha simu inayoonesha ujumbe, namba na saa. Malalamiko kwa mtoa huduma yaandikwe, nawe uombe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, au yasipotolewa, lete malalamiko hayo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na namba hiyo ya kumbukumbu, nakala ya taarifa ya polisi na picha ulizopiga. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano linaweza kukusaidia kuyaandika. Ukifika ofisini kwetu, kitambulisho chako utaombwa kukionesha, lakini namba yako ya siri hataiuliza mtumishi yeyote.